Nyumba ya Urithi Haina Muuzaji Mmoja



Kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha watoto Kurani hapa Korogwe, upande wa Manundu. Kazi yangu ni alifu na be, tajuwidi na nguzo za dini. Mimi si wakili wala si dalali, na skuli yangu iliishia darasa la saba. Lakini kwa kuwa mwandiko wangu wasomeka, na kwa kuwa watu wa mtaani humwamini mwalimu wa chuo, mara nyingi baada ya sala ya alasiri huja mtu akaketi mkekani, akasubiri watoto watawanyike, kisha akasema: "Maalim, naomba uniandikie hati. Kuna nyumba nauza." Au: "Kuna nyumba nanunua."

Basi maswali huanza. Mashahidi wawe wangapi? Arabuni nikitoa, hurudi? Miti iliyomo uani ni ya nani? Mwenyekiti akigonga muhuri, mambo yamekwisha? Haya ni maswali mema, na kuuliza si ujinga. Nitayajibu hapa kwa kadiri nilivyosomeshwa na walimu wangu na kwa kadiri nilivyoyaona katika Handeni na Korogwe. Walakini liko swali moja ambalo lapasa kuwa mbele ya yote, nalo ndilo wasiloniuliza: nyumba hii ni ya nani?

MUUZAJI NI NANI?

Katika sharia yetu, bei haiswihi illa muuzaji awe ni mwenye mali, au wakala aliyetumwa na mwenye mali. Hili kila mtu hulikubali kwa mbuzi na kwa baiskeli. Likija kwenye nyumba, watu husahau. Kwa nini? Kwa sababu nyumba nyingi zinazouzwa kwetu ni nyumba za marehemu. Mzee amekufa, matanga yameondoka, mirathi haikugawanywa. Mwaka wapita, miaka mitano yapita. Mwana mkubwa anashika ufunguo, na kwa kushika ufunguo anadhani ameshika nyumba.

Nchi yetu hii ina sauti tatu juu ya urithi. Uzigua wa kale ulihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpaka leo wapo wajomba wanaotaka neno lao lisikiwe. Sharia ya Kiislamu imeweka mafungu yaliyo wazi katika Sura An-Nisaa, na hapana mtu mwenye idhini ya kuyapunguza. Serikali nayo ina mahakama zake, na Mwislamu akifa mirathi yake yaweza kusikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo kwa kufuata sharia ya dini yake. Asiyejua huona sauti hizi tatu kuwa ni fujo, akauza upesi kabla hazijamfikia. Ajuaye huona kwamba katika jambo moja dini na serikali hazigombani hata kidogo: mrithi mmoja hawezi kuuza fungu la mwenziwe bila ya ridhaa yake.

Nitawasimulia habari ya nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa naijua vizuri zaidi kuliko za watu.

Marehemu baba yangu alikuwa mkata mkonge. Miaka mingi aliishi kambini, katika mojawapo ya mashamba ya mkonge ya huku Korogwe. Wazee wetu wanajua maisha yale: nyumba ya kambi ni ya shamba, nawe ukiacha kazi, au ukizeeka, wakabidhi ufunguo na kuondoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyafanya mashamba mengi kuwa mali ya umma, lakini nyumba ya kambi ilibaki kuwa ya kazi, si ya mtu. Kwa hiyo baba aliweka shilingi juu ya shilingi, akajenga kwao Handeni, pale Chanika, nyumba ya vyumba vinne, matofali ya kuchoma na bati, na nyuma yake michungwa sita. Alikuwa akisema kwamba hataki mtoto wake yeyote aambiwe na mtu, "Toka, nyumba hii si yako."

Baba alifariki mwaka 2006. Alimwacha mama yetu, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Tulimzika, tukalipa madeni yake. Mama alipougua nilimleta kwangu Korogwe, na nyumba ya Handeni ikawa haina mtu. Ndugu yangu mdogo alikuwa Dar es Salaam akitafuta mtaji wa biashara. Akaja na mnunuzi, mfanyabiashara mwenye fedha mkononi, shilingi 8,000,000, naye akataka mambo yamalizike siku ile ile.

Hebu tuzigawe fedha hizo, maana hesabu ya mirathi ni somo ambalo kila kijana yafaa alijue. Mke wa marehemu mwenye watoto hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane. Yanabaki mafungu saba, nayo ni ya watoto, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Kwa hiyo mama ni 1,000,000, kila binti 1,000,000, na kila mwana wa kiume 2,000,000. Hesabu nyepesi kabisa, wala haikutaka mwanachuoni mkubwa.

Ila mmoja katika mabinti wale, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa ameolewa mbali, upande wa Lindi, na simu yake haikupatikana. Wazee wa ukoo wakaniambia, "Maalim, huyo ameolewa, nyumba yake ni kwa mumewe. Uzeni, kisha mtampelekea fungu lake." Nami sikuwa na uchache wa heshima kwao, lakini nikawaambia kwamba fedha ningeweza kumpelekea, ila ridhaa nisingeweza kumtolea. Nyumba si gunia la mahindi ambalo mmoja akilipima kwa haki wengine hawana la kusema. Katika fungu lile la nane hakuna mwenye ulimi ila yeye.

Mnunuzi hakungoja. Alikwenda mtaa wa pili akapata nyingine. Ndugu yangu alirudi Dar es Salaam kwa hasira, na kwa muda wa miezi mitatu salamu zangu hazikujibiwa. Nyumbani kwangu pia nilisikia maneno, kwa kuwa mama alihitaji dawa na fedha ilikuwa imetuponyoka.

Baada ya miezi miwili mdogo wetu aliingia Korogwe kwa basi la usiku, na watoto wawili na furushi. Alikuwa amekwisha achwa tangu mwezi wa Ramadhani, akastahi kutuambia. "Kaka," akaniambia, "nilikuwa nikijipa moyo kwamba nikishindwa kabisa, ipo nyumba ya baba." Sikuwa na la kumjibu. Nilimtazama mama, naye akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Nyumba haikuuzwa. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo, tangazo likatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, nami nikateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kisha tukafanya kile ambacho wanazuoni wa fiqhi hukiita takharuji, yaani mrithi mmoja kutoka katika mali kwa kulipwa haki yake kwa mapatano. Watu wawili waaminifu waliikadiria nyumba kwa bei ile ile ya shilingi 8,000,000; mimi na dada zangu wawili tukamlipa ndugu yetu 2,000,000 zake kwa mafungu, mpaka zikaisha baada ya mwaka na nusu. Yote yaliandikwa na kushuhudiwa. Mdogo wetu alikaa Handeni katika nyumba ya baba, akalea watoto wake.

Simwambii mtu kwamba asiuze nyumba ya urithi. Kuuza ni halali, na pengine ndiyo njia ya pekee ya kila mtu kupata haki yake. Nasema kwamba kunyamaza kwa aliye mbali si ridhaa. Tena nawaambia wanunuzi: anayenunua kwa mrithi mmoja hununua ugomvi wa warithi wote. Kwa sheria ya nchi, madai ya ardhi yaweza kuletwa ndani ya muda wa miaka 12. Utakuwa umekwisha pandisha ukuta na kuoza binti katika ua ule, ndipo aje mtu aseme, "Hapa pana fungu langu." Kwa hiyo ukiambiwa kwamba nyumba ni ya marehemu, omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi, na uwaone warithi wenyewe kwa macho yako, wanawake kwa wanaume.

NA MKE WA MUUZAJI?

Mtu akiuza nyumba aliyojenga mwenyewe naye yu hai, je, yampasa kumwuliza mkewe? Wako wanaosema kwamba mali ni ya mume, basi. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya idhini ya mwenziwe. Na hata kama sheria isingekuwapo, Mwislamu atamwuzaje mkewe paa lililo juu ya kichwa chake pasi na kumshauri, hali kumpa makao ni wajibu wa mume? Hati ninayoiandika mimi huwa na mahali pa sahihi ya mke. Mume akiniambia, "Hilo halina haja," namrudishia karatasi yake, tunakunywa kahawa, naye aenda zake salama.

Tena nawakumbusha wanawake wetu: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zatamka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Uislamu ulimpa mwanamke mali yake mkononi mwake zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Mwenye kununua kwa fedha yake aandikishe jina lake.

KITU GANI KINAUZWA?

Baada ya kumjua muuzaji, kijue kiuzwacho. Bei ya kitu kisichojulikana ina gharari, na gharari imekatazwa. Zungukeni mpaka kwa miguu, pamoja na majirani wa pande zote nne. Ikiwa alama ni mnyaa au mbono, tajeni. Ikiwa ni jiwe la upimaji, lionwe. Katika Handeni liko jambo moja la kuangaliwa sana. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa kutoka mahame yao wakapewa viwanja vijijini. Wapo wazee waliojengewa au kujenga juu ya ardhi ambayo zamani ililimwa na ukoo mwingine. Uliza historia ya kiwanja, usiulize ukubwa wake tu.

Miti je? Katika madhehebu yetu ya Shafii, ardhi ikiuzwa bila ya sharti lolote, nyumba na miti iliyomo huingia katika bei. Lakini matunda yaliyokwisha jitokeza mtini hubaki ya muuzaji mpaka ayachume, illa mnunuzi akishurutisha kuwa ni yake, asili yake ni hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu ya mitende. Sisi watu wa machungwa twaihitaji sana hukumu hii. Nimeona watu wawili wazima wakisukumana kwa ajili ya gunia mbili za machungwa, hali nyumba yenyewe walikwisha patana kwa kupeana mikono.

Makaburi je? Viwanja vingi vya kijijini vina makaburi ya wazee. Kaburi haliuzwi. Lipimeni, litengeni, na muandike kwamba wenyewe watakuwa na njia ya kwenda kuzuru.

Aibu za nyumba lazima zisemwe. Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu. Basi mwenye nyumba iliyo bondeni mwa mto Pangani aseme kama masika maji huingia ndani. Mwenye nyumba Handeni, mji ambao taabu yake ya maji ni ya tangu zamani, aseme kweli kama bomba lake hutoa maji au ni pambo la ukutani. Mchwa walio kwenye boriti wasifunikwe kwa rangi. Mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyofichwa, sharia humpa hiari ya kuirudisha nyumba na kuchukua fedha zake.

ARABUNI NA REHANI

Vijana wengi huniuliza habari ya arabuni. Mtu ametoa shilingi laki tano ili nyumba isiuzwe kwa mwingine. Asipoweza kumaliza, muuzaji aweza kuzila? Wanazuoni wengi, na Mashafii wakiwemo, hawakuijuzisha bei ya namna hiyo, kwa kuwa muuzaji hula fedha bila ya kutoa kitu. Madhehebu ya Hambali waliijuzisha. Nasaha yangu ni hii: ikiwa fedha imetolewa, iandikwe kuwa ni sehemu ya bei, na siku ya kumaliza itajwe, na hukumu ya kushindwa itajwe pia. Na muuzaji aliyekwisha patana na mtu asimwuzie mwingine kwa tamaa ya nyongeza, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza au kununua juu ya bei ya nduguye. Tena jueni kwamba, kwa Mashafii, maadamu wawili hawajaachana pale walipopatana, kila mmoja ana hiari ya kurudi nyuma bila ya lawama. Hiyo ni rehema, basi msimkimbize mtu kutia dole gumba.

La rehani ni zito zaidi. Mtu anakopa shilingi milioni moja, mkopeshaji anaingia katika nyumba yake akakaa au akala kodi ya wapangaji mpaka deni lilipwe, na deni liko pale pale halipungui. Watu huliita jambo hili kusaidiana. Mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa ya sharti ni riba, hata kama hapana karatasi ya benki. Rehani ni amana ya kuthibitisha deni tu. Na kwa wale wanaotaka kujenga au kununua kwa njia isiyo na riba, tangu mwaka 2011 nchi yetu ina benki inayofuata sharia ya Kiislamu, nayo ni Amana Bank. Na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Waulizeni, na msome masharti kabla ya kutia sahihi.

SERIKALI YATAKA NINI?

Kwa sheria ya Tanzania, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuitumia na vile tulivyojenga juu yake. Mjini, kama Korogwe na Chanika, kiwanja kilichopimwa huwa na hati miliki ya muda maalumu usiozidi miaka 99. Mnunuzi aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, ajue jina lililomo ni la nani na kama nyumba imewekwa dhamana ya mkopo. Uhamisho lazima usajiliwe, na kodi ya mauzo pamoja na ushuru wa stempu ilipwe.

Kijijini, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri. Mgeni anayenunua kijijini lazima jambo lake lifike kikaoni na liandikwe katika kumbukumbu. Mwenyeji naye asikae bila ya karatasi, bali aombe hati ya haki miliki ya kimila. Na kila fedha utakayotakiwa kutoa ofisini, idai stakabadhi yake.

Faida ya karatasi ilionekana wazi lilipokuja bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, ambalo njia yake yapita katika Mkoa wetu. Fidia hulipwa kwa mwenye kuthibitisha haki yake. Katika jamaa ambayo mirathi haijagawanywa, fidia ya nyumba moja yaweza kudaiwa na ndugu sita, na kila mmoja ana kweli kidogo mdomoni.

HATI YENYEWE

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, Al-Baqara 282, ni aya ya kuandikiana na kushuhudia katika madeni na biashara. Wahenga wetu nao walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hati yenu itaje haya: majina kamili ya pande mbili, nyumba ilipo na mipaka yake, muuzaji aliipata vipi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa na kilichobaki, idhini ya mke, au ya warithi wote kwa majina, miti, makaburi na aibu zilizosemwa, tarehe, na mashahidi waadilifu, hasa majirani. Nakala iwe kwa kila upande. Kisha mkaipeleke kwa wakili au kwa ofisi inayohusika, maana mwandiko wa mwalimu wa chuo haumalizi kazi ya serikali.

Enyi vijana, ninyi ndio mtakaoshika funguo za nyumba za wazee wetu. Ufunguo ni amana. Kabla hujapokea fedha ya mtu, kaa chini na kalamu, uandike majina ya wote wenye haki katika nyumba ile, na uanze na jina la yule aliye mbali na asiye na msemaji. Ukiona jina moja limekosa sahihi, ngoja. Mnunuzi mwingine atapatikana kwa rehema ya Mungu, lakini ardhi iliyodhulumiwa, hata ikiwa ni shubiri moja, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mzigo wake utabebwa shingoni Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu na haki, awarehemu waliotujengea, na atujaalie kuwaachia watoto wetu nyumba bila ya ugomvi. Amin.